Injini ya Wankel

Injini ya Wankel ni injini ya mwako wa ndani ambamo kazi ya pistoni hufanywa na rota ya pembe tatu, inayozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la duara refu lililobanwa katikati. Haina konrodi, haina kemshafti wala valvu. Katika injini ya rota moja, sehemu kubwa zinazotembea ni mbili tu: rota yenyewe na shafti. Imebeba jina la Felix Wankel (1902–1988) wa Ujerumani, ingawa umbo linalotumika hadi leo ni kazi ya Hanns Dieter Paschke, mhandisi wa kampuni ya NSU, ambaye hutajwa kwa nadra. Isichanganywe na injini za ndege za mwanzoni mwa karne ya 20, kama Gnome ya Ufaransa ya mwaka 1909, ambazo silinda zake zote zilizunguka pamoja na pangaboi. Zile zilikuwa injini za pistoni.

Chanzo

Wazo la mashine inayozunguka badala ya kwenda na kurudi limeitangulia injini yenyewe kwa karne nyingi. Kitabu cha mashine cha Agostino Ramelli, kilichochapwa Paris mwaka 1588, kina michoro ya pampu za maji za namna hiyo. Katika karne ya 19 wengi walijaribu injini za mvuke zinazozunguka, na karibu wote walikwama mahali pamoja, kwenye kuziba mwanya kati ya sehemu inayozunguka na sehemu iliyosimama.

Wankel alizaliwa Lahr, kusini-magharibi mwa Ujerumani, tarehe 13 Agosti 1902. Hakusoma chuo kikuu, na kwa sababu ya macho mabovu hakuwahi kuwa na leseni ya udereva. Alifungua karakana Heidelberg mwaka 1924, akapata hataza yake ya kwanza ya mashine ya kuzunguka mwaka 1929. Alikuwa mfuasi wa siasa za Kinazi tangu ujanani. Aligombana na wakubwa wa chama akatolewa mwaka 1932, akafungwa kwa muda mwaka 1933, kisha akarudi kuutumikia utawala uleule kwa kutengeneza valvu za kuzunguka za injini za ndege katika karakana ya Lindau. Baada ya vita Wafaransa walimfunga na karakana ikafumuliwa. Maandishi ya kumsifu huiruka miaka hii, na hilo ni kosa hata kwa anayetafuta historia ya ufundi peke yake, kwa kuwa ujuzi wake wa kuziba gesi kwenye vyuma vinavyoteleza ulikomaa huko Lindau.

Mwaka 1951 aliingia mkataba na NSU ya Neckarsulm, watengenezaji wa pikipiki, ambako utafiti uliongozwa na Walter Froede. Injini ya kwanza, DKM 54, iliwaka tarehe 1 Februari 1957. Ilikuwa na ujazo wa cc 125 tu, na baadaye ilifikia mizunguko 17,000 kwa dakika. Katika injini hiyo rota na nyumba yake vyote vilizunguka, kila kimoja kwa mwendo wake, hivyo hapakuwa na mtikisiko hata kidogo. Lakini plagi zilikaa ndani ya rota, na kuzibadilisha kulimaanisha kuifumua injini nzima. Paschke, bila kumshirikisha Wankel, aliisimamisha nyumba na kuiacha rota peke yake izunguke huku ikiyumba kwenye shafti. Wankel alikasirika. Alilalamika kwamba farasi wake wa mashindano amegeuzwa farasi wa kukokota jembe. NSU ilimsikiliza na kuendelea na injini ya Paschke, iliyoitwa KKM, na ndiyo iliyoonyeshwa kwa wahandisi mjini Munich mwezi Januari 1960.

Umbo na hesabu zake

Ndani ya rota kuna gia yenye meno ya ndani. Kwenye bamba la ubavuni mwa nyumba imefungwa gia ndogo isiyozunguka. Uwiano wa meno ni 3 kwa 2. Katika injini za Mazda ni meno 51 kwa 34. Rota inapojiviringisha kuizunguka gia hiyo, kila ncha yake huchora mstari mmoja usiokatika, nao mstari huo ndio ukuta wa ndani wa nyumba. Wanahisabati huuita epitrokoidi. Ncha zote tatu hupita juu ya mstari uleule, kwa hiyo chemba tatu hubaki zimetengana muda wote huku kila moja ikipanuka na kusinyaa kwa zamu.

Anayesanifu injini hii huchagua vipimo vitatu. Cha kwanza ni e, umbali kati ya kitovu cha shafti na kitovu cha rota. Cha pili ni R, umbali kutoka kitovu cha rota hadi ncha yake. Cha tatu ni b, unene wa rota. Viwili vya kwanza vikishajulikana, kila nukta ya ukuta hupatikana kwa kuibadilisha pembe a:

x = e cos 3a + R cos a
y = e sin 3a + R sin a

Gia nazo hazina tena hiari: nusu kipenyo ya gia ya rota lazima iwe 3e, na ya gia iliyosimama 2e. Ujazo wa chemba moja ni 3√3 × e × R × b. Kwa injini ya 13B ya Mazda, ambamo e ni milimita 15, R ni milimita 105 na b ni milimita 80, jibu ni cc 654 kwa kila rota. Cha kushangaza ni kwamba Mazda ilitumia e na R hizohizo katika magari mengi tangu 1967 hadi 2012. Gari la kwanza lilikuwa na rota nene milimita 60, likatoa cc 491 kwa kila rota, injini ya 12A ilifika milimita 70 na cc 573, 13B ikafuata. Injini ilinenepeshwa, mkunjo ukaachwa ulivyo, kwa sababu mashine za kuchonga mkunjo huo zilikuwa ghali na zilikwisha kununuliwa. Injini ya 13A ya mwaka 1969, yenye R ya milimita 120, ilikuwa mchepuko wa muda mfupi.

Uwiano wa R kwa e ndio uamuzi mkubwa kuliko yote. Katika vipimo vya hapo juu ni 7. Ukiongezwa, mgandamizo unaowezekana hupanda na sili za ncha husimama karibu wima juu ya ukuta, lakini injini huchukua nafasi kubwa zaidi kwa ujazo uleule. Ukipunguzwa, injini huwa ndogo na sili hulala mno. Kwa uwiano wa 7, sili huinama hadi nyuzi 25 na ushei kila upande. Ukuta halisi nao haufuati mstari wa hesabu sawasawa. Husogezwa nje kidogo kwa kipimo cha mviringo wa ncha ya sili, ili sili inapoinama iguse kwa bega lake bila kupanda wala kushuka katika mfereji wake.

Nyuso za rota huchongwa zikiwa na shimo la kina kifupi. Bila shimo hilo, kiuno cha nyumba kingeikata chemba vipande viwili wakati gesi imegandamizwa, na moto usingevuka. Kina chake ndicho kinachoamua mgandamizo halisi.

Rota huzunguka mara moja wakati shafti inazunguka mara tatu. Dereva anayeona mizunguko 9,000 kwenye dashibodi ya Mazda RX-8 ana rota zinazozunguka mara 3,000 tu kwa dakika. Kila rota hutoa mlipuko mmoja kwa kila mzunguko wa shafti, mara mbili ya silinda moja ya injini ya pistoni ya mipigo minne, na kila hatua (kufyonza, kugandamiza, kuwaka, kutoa) huchukua nyuzi 270 za shafti badala ya 180. Kwa kuwa hakuna kinachokwenda na kurudi, vizani viwili kwenye miisho ya shafti vinatosha kuondoa mtikisiko wote. Ulaini huo ndio uliowavuta watengenezaji, na aliyewahi kuendesha gari la aina hii hulikumbuka kwa hilo kabla ya kasi yake.

Sili

Pistoni ina ringi za mviringo zinazokaa ndani ya silinda ya mviringo, na oili huzilainisha kutoka chini. Rota haina bahati hiyo. Kila rota hubeba sili tatu za ncha, sili sita za ubavuni na sili sita ndogo za kona zinazoziunganisha, kila moja na springi yake, mbali na sili za oili. Gesi ikipata upenyo kwenye kona moja, chemba mbili huathirika.

Sili ya ncha ni ufito mwembamba wa milimita chache, mrefu kama unene wa rota. Huteleza juu ya ukuta bila kupumzika, ikisukumwa na springi, gesi iliyo nyuma yake na nguvu ya mzunguko. Kiunoni mwa nyumba mkunjo hugeuka na nguvu inayoikandamiza sili hupungua. Papo hapo shinikizo la gesi huhama kutoka upande mmoja wa sili kwenda mwingine, na sili hugonga ukuta wa pili wa mfereji wake. Katika injini za majaribio sili zilianza kutetemeka, zikaacha mikwaruzo iliyopangika kama mawimbi juu ya kromiamu ya ukuta. Wahandisi wa Mazda waliiita makucha ya shetani.

Mazda, wakati huo ikiitwa Toyo Kogyo, ilinunua leseni mwaka 1961 chini ya rais wake Tsuneji Matsuda. Aprili 1963 iliundwa idara ya utafiti ya watu 47 chini ya Kenichi Yamamoto, mhandisi wa Hiroshima ambaye baadaye, mwaka 1984, alikuja kuwa rais wa kampuni. Waligundua kwamba adui hakuwa ugumu wa chuma, ila mtetemo wa sili katika masafa yake ya asili. Kwanza walitoboa sili za chuma matundu ya kukingama ili kubadilisha masafa hayo, na makucha yakatoweka. Njia hiyo haikufaa kwa kiwanda kinachotoa injini kwa wingi, hivyo kwa gari la kuuza walitumia kaboni iliyonyweshwa alumini, iliyotengenezwa pamoja na kampuni ya Nippon Carbon. Ni kazi ya subira isiyo na mfano katika historia ya injini hii.

NSU ilikwenda njia nyingine. Iliupaka ukuta mchanganyiko wa nikeli na silikoni kabidi, mipako ambayo baadaye ilienea hadi kwenye silinda za pikipiki na misumeno ya mnyororo, na ikabadilisha aina za sili mara kadhaa huku magari yakiwa tayari mikononi mwa wanunuzi.

Jambo jingine linaloisumbua nyumba ni joto. Katika silinda ya kawaida hewa baridi na moto hupokezana mahali pamoja. Hapa upande mmoja wa nyumba hupokea hewa baridi daima na upande wa pili hupokea moto daima, kwa hiyo chuma hupanuka bila usawa na mkunjo uliochongwa kwa uangalifu hupinda. Maji ya kupoza huelekezwa zaidi upande wa plagi. Rota yenyewe hupozwa kwa oili inayorushwa ndani yake, na ndiyo maana rejeta ya oili si kitu cha hiari kwenye magari haya.

Milango na plagi

Hewa huingia na kutoka kupitia matundu ambayo rota huyafunua na kuyafunika. Tundu likiwa kwenye ukuta wa mkunjo, injini hupumua vizuri kwa kasi kubwa na hukohoa ikiwa sailensi. Likiwa kwenye bamba la ubavuni, hutulia kwa kasi ndogo. NSU ilichagua la kwanza, Mazda la pili kwa hewa inayoingia. Kwenye RX-8 ya mwaka 2003 Mazda ilihamishia ubavuni hata tundu la ekzosi, na kipindi ambacho milango yote miwili iko wazi kikatoweka.

Plagi kwa kawaida ni mbili kwa kila rota, kwa sababu chemba ni ndefu na nyembamba na moto wa plagi moja huchelewa kufika mwisho. Plagi inayotangulia na inayofuata hazifanani matundu: moja hupitiwa na sili wakati chemba mbili zina mashinikizo tofauti sana, kwa hiyo tundu lake hufanywa dogo gesi isivuje.

Mwako na ulaji wa mafuta

Urefu na wembamba huo wa chemba ni dosari ambayo hakuna aliyeimaliza. Eneo la kuta ni kubwa mno kwa ujazo wake, joto hupotelea kwenye vyuma, na petroli iliyo kwenye pembe hutoka bila kuungua. Mazda iliiunguza ndani ya chemba ya pili iliyofungwa kwenye ekzosi, na kwa njia hiyo ikatimiza masharti makali ya hewa safi ya Marekani. Lakini chemba hiyo ilihitaji mchanganyiko wenye petroli nyingi. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwishoni mwa 1973, serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza kuwa magari ya Mazda hutembea maili zisizofika 11 kwa galoni mjini. Mauzo yakaporomoka.

Injini pia hunyunyiziwa oili kidogo ukutani kwa ajili ya sili, nayo huungua. Kupungua kwa oili kwenye injini ya rota ni kawaida ya muundo wake.

Magari

Gari la kwanza kuuzwa lilikuwa NSU Spider ya mwaka 1964, yenye rota moja. Mei 1967 Mazda ilitoa Cosmo Sport ya rota mbili na nguvu farasi 110. Hadi 1972 zilitengenezwa 1,176. Mwaka huohuo wa 1967 NSU ilitoa Ro 80, gari la kifahari lenye bodi iliyochorwa na Claus Luthe, nayo ikachaguliwa Gari la Mwaka barani Ulaya kwa 1968. Lilikuwa gari zuri lenye injini isiyokomaa. Sili zilikwisha mapema, injini zikabadilishwa kwa gharama ya kiwanda, na inasimuliwa kwamba wenye Ro 80 walipopishana barabarani walionyeshana vidole kuhesabu injini walizokwisha badilishiwa. NSU ilimezwa na Volkswagen mwaka 1969. Ro 80 iliendelea hadi 1977, ikafikia magari 37,398.

Citroën ilitengeneza GS Birotor 847, kisha ikayanunua tena mengi kwa wateja na kuyaponda ili isibebe mzigo wa vipuri. General Motors ilikubali kulipa dola milioni 50 za leseni mwaka 1970 na kusitisha mradi mwaka 1974. AMC Pacer, iliyochorwa ikitegemea injini hiyo ya General Motors, ilibidi ipachikwe injini ya silinda sita. Mercedes-Benz iliishia kwenye magari ya maonyesho ya C111.

Waliopata faida bila jasho ni wenye hataza. Mwaka 1971 Wankel na mshirika wake waliuza kampuni yao kwa Lonrho ya London kwa marki milioni 100. Ni Lonrho hiyohiyo iliyomiliki gazeti la East African Standard jijini Nairobi, na ambayo mali zake zilitaifishwa Tanzania mwaka 1978.

Mazda ilibaki peke yake miongoni mwa kampuni kubwa za Magharibi na Japani. RX-7, iliyotoka 1978, ilifikia magari 811,634. Jumla ya magari ya rota ya kampuni hiyo inakaribia milioni 2. Urusi ya Kisovieti nayo ilifunga injini za rota kwenye baadhi ya magari ya polisi.

Mashindano

Tarehe 23 Juni 1991 Mazda 787B namba 55, ikiendeshwa na Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot, ilishinda saa 24 za Le Mans kwa mizunguko 362. Ilikuwa na rota nne za cc 654, sili za ncha za kauri na plagi tatu kwa kila rota. Ndilo gari la kwanza la Japani kushinda huko. Kwa pikipiki, Norton ya rota ilishinda Senior TT ya kisiwa cha Man mwaka 1992 ikiendeshwa na Steve Hislop.

Afrika Mashariki

Magari ya rota huonekana kwa nadra, karibu yote yakiwa RX-8 zilizotumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na RX-8 za mwisho ni za 2012, hivyo mlango huo umefungwa. Tanzania bado zinaweza kuingia, kwa kulipia uchakavu.

Mnunuzi hutakiwa kupima kompresheni, na hapa mafundi wengi hukosea, kwa kuwa kipimo cha kawaida huonyesha kilele kimoja na rota ina nyuso tatu. Fundi anayejua hutoa kivalvu kinachozuia hewa kwenye kipimo chake, hukifunga kwenye tundu la plagi, hupiga stata na kuutazama mshale. Ukidunda mara tatu kwa urefu mmoja, injini ni nzima. Mdundo mmoja ukiwa mfupi, sili ya ubavuni ya uso huo ina kasoro. Miwili ikiwa mifupi, sili ya ncha iliyo kati ya nyuso hizo imekwisha.

Hali ya sasa

Injini ndogo za rota huendesha ndege zisizo na rubani, ambako wepesi una thamani kuliko petroli. Mwaka 2023 Mazda ilizindua MX-30 R-EV, gari la umeme lenye rota moja ya cc 830 inayozungusha jenereta tu. R yake ni milimita 120, sili za ncha zimenenepeshwa kutoka milimita 2 hadi 2.5, na petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya chemba. Huko Marekani kampuni ya LiquidPiston, iliyoanzishwa 2004, imegeuza mpangilio wote: rota ina ncha mbili, nyumba ina mabonde matatu, na sili za ncha zimefungwa kwenye nyumba badala ya kusafiri na rota, ili oili iletwe kwao moja kwa moja.